Maksai Wanne kwa Gari la Calist

Mkwe wangu Isaka simpendi, na yeye hanipendi, na jambo hilo Iguguno nzima wanalijua, hata mbuzi. Alimwoa binti yangu Marietha mwaka wa njaa, akaleta mahari ya ng'ombe waliokonda hivi kwamba ukisimama upande huu unaona mtu aliyesimama upande ule.

Haki yake nitampa, lakini. Kwa ng'ombe, mtu yule hana mwenzake. Mnadani anamtazama mnyama akitembea kidogo tu, anasema, "Huyu goti litamsumbua masika," na masika ikifika goti linasumbua. Ng'ombe wenyewe wakimwona anakuja hunyoosha migongo kama wanapigwa picha. Mdogo wake Joseph anasema ni uchawi. Mimi nasema ni kukosa kazi nyingine kichwani.

Maksai wake wanne aliwafundisha mwenyewe tangu ndama. Anawakuna masikio jioni, anawasemesha, anawauliza wamelalaje. Marietha hajawahi kuulizwa amelalaje. Ila hao maksai ndio wanaolima shamba la Isaka la alizeti, wanalima na kipande changu mimi mjane. Bila wao sote tunarudi kwenye jembe la mkono, na mgongo wangu ulishakataa jembe zamani. Nikiinama sasa, kuinuka ni mpaka nisaidiwe na majirani.

Basi mwaka huu, mawingu ya kwanza yakijikusanya upande wa Nduguti, Isaka akashikwa na ugonjwa wa gari. Chanzo ni Joseph. Joseph amenunua pikipiki, na kila akimpita kaka yake anamfunika vumbi, halafu anapiga honi kumwamkia. Isaka akaapa atapanda kitu kikubwa zaidi. Akapata habari za mtu mmoja wa Manyoni, Calist, mchuuzi wa kila kitu, ana foowili kuukuu, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, analiuza kwa bei ya kutupa. Na hataki fedha. Anataka maksai wanne.

Marietha akanijia analia. "Mama, mvua hizo zinakuja. Tutalima na nini?"

"Mtalima na usukani," nikamwambia, kisha nikajifunga kanga nikaenda.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hatusemezani uso kwa uso. Hatutazamani, hatukai benchi moja. Neno likiwepo linapitia kwa Marietha, hata kama tumesimama karibu kiasi cha kunusana. Nikamkuta Isaka zizini, akanigeuzia mgongo kama ilivyo heshima, nami nikautazama ule mgongo kwa chuki yangu yote.

"Marietha, mwambie mumeo gari halizai."

"Marietha, mwambie mama yako na maksai hawazai."

"Mwambie maksai anakula majani, haombi petroli."

"Mwambie masika barabara ya mbugani ikijifunga, malori yote yakikwama, nitabeba magunia ya watu peke yangu. Na wagonjwa. Akiugua yeye nitampeleka Singida. Au anataka kupelekwa kwa nira?"

"Mwambie nitafia kwangu kitandani, nisimpe raha ya kunibeba."

"Mwambie asante, itakuwa nimepunguziwa safari."

"Jamani!" Marietha akapiga kelele. "Si mnasikiana!"

Kesho yake Calist akaja na gari lake. Tulilisikia kabla hatujaliona, na kabla ya kulisikia tulilinusa. Moshi wake ulikuwa mweusi hivi kwamba kuku wangu waliingia bandani kulala, saa nne ya asubuhi. Kutu yake ilikuwa imezeeka mpaka ina wajukuu. Mlango mmoja umefungwa kwa waya, mwingine umefungwa kwa imani. Akaliegesha juu ya mteremko, pua ikitazama chini, na injini hakuizima.

"Shikamoo bibi!" akaniamkia, meno yote nje.

"Marahaba. Mbona hulizimi likapumzika?"

"Linapenda kuongea, bibi."

Isaka akaanza kulikagua. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Alilizunguka kama anavyomzunguka dume mnadani. Akalipiga kofi ubavuni, akasikiliza. Akainama akatazama chini ya tumbo, akayaminya matairi, akafungua boneti akachungulia kama anatafuta meno. Jicho lake lote lile la ng'ombe, hapo lilikuwa jicho la kipofu, na mwenyewe hakujua. Kila Calist akigusa chuma fulani na kutaja jina lake, Isaka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa gereji.

"Gia hii ndogo ukiivuta," Calist akasema, "miguu ya mbele inaamka. Hata ukutani linapanda."

"Marietha," nikasema, "mwambie mumeo alipandishe ukutani tuone."

"Marietha, mwambie mama yako akasonge ugali."

Wakapeana mikono. Nikaona Isaka anakwenda zizini, anawafungua maksai mmoja mmoja, anawakuna masikio. Marietha akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikwisha kuishiwa na matusi, na siku ya kuishiwa matusi kwangu ni nadra kama mvua ya Agosti.

Hapo Calist, kwa furaha ya biashara kumkalia vizuri, akavuta kitu chini ya kiti akakitupa miguuni pa Isaka. Kamba nene, ndefu, imejikunja kama chatu.

"Na hii nakuachia, mzee wangu. Zawadi."

Isaka akasimama. Nami nikasimama. Kwetu anayeuza ng'ombe haachi kamba. Anamfungua mnyama, anaiviringisha kamba yake begani, na mnunuzi anamfunga kwa kamba aliyokuja nayo. Kamba ikiondoka na ng'ombe, zizi zima litaifuata. Anayekuachia na kamba ni yule asiyetaka hata harufu ya mnyama yule irudi kwake.

"Marietha," nikasema polepole, "muulize mumeo. Ni lini amepewa ng'ombe mzima, na kamba juu?"

Calist akacheka. "Bibi, hili ni gari, siyo ng'ombe!"

Isaka hakucheka. Akaiokota ile kamba, akaipitisha mkononi taratibu. Ilikuwa imechanika nyuzi, imefungwa mafundo kila mahali ilipokatika, na tope la mabonde mbalimbali limekaukia humo, jeusi, jekundu, jeupe.

"Kamba hii imefanya kazi kuliko maksai wangu," akasema. "Ilikuwa inavuta nini?"

"Wenzangu wakikwama nawavuta."

"Twende korongoni."

"Mzee, tumeshapeana mikono!"

"Maksai hanunuliwi kabla hajaonekana akivuta. Unachukua maksai wangu, basi hapa ni mnada. Twende."

Calist akasema mafuta ni kidogo, akasema jua ni kali, akasema anadhalilishwa na watu wa kijijini. Isaka alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Mimi nikafuata kwa miguu, na nilifika kabla yao.

Korongo letu kabla ya mvua ni mchanga mtupu. Calist akavuta gia yake ndogo, akakanyaga mafuta, gari likaingia kwa makelele. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kama pia, mchanga ukaruka, nasikia mwingine uliangukia Kiomboi. Ya mbele yalitulia kimya, yamekaa kama wageni wanaosubiri chai. Likadidimia mpaka kwenye milango. Halafu injini ikazimika, na bila mteremko wa kuliwashia haikuwaka tena.

Isaka akashuka, akainama mbele ya gurudumu lile la mbele, akalitazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alikiona alichokuwa anakitazama.

"Mguu huu umekufa," akasema.

Akaenda kuwachukua maksai wake. Waliitoa ile takataka korongoni kwa ile ile kamba, wakaivuta mpaka barabarani, hawakutoka hata jasho. Calist alibaki amekaa kwenye usukani akitukana ukoo wetu, tangu babu wa babu, akisubiri lori la kumvuta hadi Manyoni. Nami nilimjibu ukoo kwa ukoo, maana matusi yalikuwa yamenirudia.

Mvua ilipodondoka, Isaka akafunga plau. Nikategemea neno moja, hata la kupitishwa kwa Marietha. Likaja.

"Marietha, mwambie mama yako gari nimelikataa mwenyewe. Mdomo wake haukuwepo."

"Mwambie nami nimeshukuru kwa mdomo huo ambao haukuwepo."

Akalima shamba lake, akalima la Marietha, akafika kwenye mpaka wa kipande changu, akawageuza maksai. Aliniacha nikitazama mawingu kwa juma zima na zaidi, magugu yakinifika kiunoni. Kisha asubuhi moja nikasikia anawasemesha wanyama wake shambani kwangu, anawaambia wasilime kwa bidii, mwenye shamba ni mtu mbaya.

Walilima vizuri. Maksai wale hawamsikilizi kwa kila kitu.