Chupa Juu ya Kakese

Juzi, kwenye ofisi moja ya maji hapa Mpanda, mbele yangu alisimama mama wa Kisukuma aliyetoka pembeni mwa Kakese kuulizia lini watachimbiwa kisima. Ofisa alitandaza ramani kwenye kaunta, akatafuta kwao kwa kidole, kisha akaitua chupa yake ya maji baridi hapohapo.

"Mama, huko hakuna makazi," alisema bila kuinua macho. "Makazi ni nyumba zikae pamoja. Huku naona vinyumba vimetapakaa tu."

Mama alikaza kanga begani. "Baba, sisi tuna ng'ombe. Tukibanana, wataingia kwenye mahindi ya jirani. Kila mtu ana mji wake, nyumba na zizi lake, lakini asubuhi nikiona moshi wa jirani najua kaamka mzima."

"Nyie sogeeni barabarani kwanza, mpangike, ndipo tuzungumze kisima."

Nilichemka. Shuleni sote tulifundishwa kwamba kuna makazi ya kusongamana, ya mstari kando ya barabara, na ya kutawanyika. Yote ni makazi! Huyu bwana naye bila shaka alijibu swali la aina hizo kwenye mtihani, akapata vema. Leo anataka watu wabomoe miji yao, wayaache makaburi ya wazazi wao, ili ramani yake ipendeze.

Mama aliondoka bila kuaga. Ofisa akainua chupa, akanywa funda refu. Pale ilipokaa, ramani ilikuwa imelowa duara. Hayo ndiyo maji pekee ambayo ofisi ile imewahi kuyafikisha kwa yule mama.