Mama Nukta na Mstari wa Tatu

Shangazi yangu ni mpiga chapa wa kiwanda cha sabuni, na nalisema hilo nikiwa nimeinua shingo. Wapo wanaosema "ni mpiga chapa tu". Hiyo "tu" waiweke mfukoni. Miaka ishirini na sita ameketi katika chumba kile cha kona, kwenye kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na sijasikia barua iliyotoka mle ikarudi kwa sababu ya kosa lake.

Kiwandani wanamwita Mama Nukta. Jina alilipata kwa ugomvi wa orodha, zile zenye vidoti pembeni ambazo wakubwa huzipenda wanapoandika Kiingereza. Mkuu wa ghala akimletea orodha ambayo mstari wa kwanza unaanza na kitenzi, wa pili na jina, na wa tatu ni sentensi nzima, anamrudishia papo hapo.

"Hawa si ndugu," anamwambia. "Wa kwanza akiwa kitenzi, wote wawe vitenzi. Na kama si sentensi kamili, nukta ya mwisho ya nini? Soma kichwa cha orodha pamoja na kila mstari, mmoja mmoja. Ukiona haviungani, kajipange upya."

Hata mimi sikupona. Nilipokuwa nikiishi kwake, niliandika karatasi ya sokoni: vitunguu, chumvi, usisahau mafuta. Ikapigwa wino mwekundu. Na mafuta nikayasahau, nikasemwa mara mbili.

Kila anachokichapa, chini kabisa pembeni anaweka herufi mbili ndogo za majina yake. Ndivyo wapiga chapa wa enzi zake walivyofundishwa, ili kosa likitokea ajulikane wa kuulizwa. "Herufi zangu hazilali juu ya uchafu," husema.

Mwaka jana, nami nikiwa nimeshaajiriwa kwenye mashine za kukorogea, alikuja fundi wa mitambo kutoka nje. Mtu mpole, Kiswahili chake kikiishia kwenye "asante" na "chai". Mhandisi mkuu akaamua vibao vya usalama vya mashine zote nane viandikwe kwa Kiingereza pia, vichongwe kwenye bati. Akaandika maneno mwenyewe kwa mkono. Mchongaji angefika saa nne asubuhi kuchukua karatasi, na ilikuwa saa tatu nilipoingia kwa shangazi na daftari la mahudhurio, nikawakuta wamekabiliana.

"Bosi, huu mstari wa tatu sichapi."

"Una nini?"

"Unakataza watu kuzima umeme."

Mhandisi alicheka. Kichwa chake kilisema, "When cleaning the mixer, do not", yaani unaposafisha mashine, usifanye haya. Chini yake vidoti vitatu: kuvaa nguo ya mikono mipana, kuingiza mkono chini ya mapanga, na cha tatu, "switch off the power first", zima umeme kwanza.

"Mama, si nimesema wazime? Kila mtu ataelewa."

"Kwa Kiswahili ndiyo, maana sisi katazo tunalifunga ndani ya kila neno. Usivae, usiingize, halafu zima. Hakuna anayepotea. Kiingereza kinaliweka mlangoni mara moja, na kila anayepita chini yake linammwagikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, bosi. Kichwa kikikataza, mistari yote inakataza."

"Kazi yako ni kuchapa kama ilivyo. Kama huwezi, binti wa mapokezi anaweza, na hana maneno mengi."

Nilimkonyeza shangazi anyamaze. Kazi ile ndiyo iliyonisomesha, na nilikwishaona watu wakitolewa pale kwa maneno machache kuliko hayo. Yeye akavua miwani, akaifuta polepole.

"Mpe yeye. Ila herufi zangu hazitakuwepo. Na kabla hujampa, tushuke kwa fundi mgeni. Dakika tano tu."

Sijui kwa nini mhandisi alikubali. Nadhani alitaka kumuumbua mbele za watu. Tulishuka hadi mashine namba nne, iliyokuwa mbovu na mkanda wake umetolewa, kwa hiyo haikuweza kumdhuru mtu. Shangazi akampa fundi ile karatasi, akamwomba kwa Kiingereza aonyeshe angeisafishaje, afuate maandishi peke yake.

Fundi akasoma. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko. Akachukua brashi yenye mpini mrefu. Akapita kando ya swichi ukutani bila kuigusa, akainama juu ya pipa.

"Na umeme?" mhandisi akauliza kwa Kiingereza, sauti imebadilika.

Fundi akaonyesha mstari wa tatu kwa kidole. Alisema hata yeye alishangaa, lakini alidhani labda sabuni ya hapa huganda mashine ikizimwa.

Hakuna aliyecheka. Mhandisi aliitazama karatasi, akautazama mkono wa yule mtu, mweupe kwa unga wa sabuni, umeshika ukingo wa pipa. Kisha akamgeukia shangazi. "Mama, andika unavyojua wewe."

Akaandika orodha mbili, ya kufanya na ya kutofanya, kila moja na kichwa chake. Kuzima umeme kukapanda juu kabisa. Mchongaji alipofika, mhandisi alimkabidhi karatasi kwa mkono wake. "Chonga kama ilivyo. Usiongeze wala usipunguze hata kidoti."

Mchongaji akatii kupita kiasi. Vibao vilirudi vikiwa na herufi mbili za shangazi zimechongwa pembeni, kwenye bati zote nane. Shangazi alipoziona aliruka. "Hizo ni za karatasi! Hazichongwi!"

"Ziache," mhandisi akasema. "Tujue wa kuulizwa."

Juzi nilikuwa zamu moja na yule fundi. Alizima umeme, akasoma kibao hadi chini kama afanyavyo kila siku, kisha akagusa zile herufi na kuniuliza zina maana gani. Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikamjibu: huyo ni shangazi yangu.