Siku Tatu za Tabia Nzuri Kendu Bay

Nawaambia mapema ndio msinicheke katikati: kwa hii hadithi mjinga ni mimi. Hakuna mwingine wa kunisaidia kubeba. Hata sasa nikipita mahali mtu anakaanga ngege, nisikie ile sauti ya samaki ikiguswa na mafuta moto, na harufu ya nyanya ikifuata nyuma, kwanza aibu ndio inakuja. Njaa inakuja baadaye.

Nilikuwa darasa la tano, Uriri. Tulikuwa tunafunga mwaka, tukapewa ripoti fomu. Masomo haikuwa mbaya. Nilikuwa namba saba, na nyuma yangu kulikuwa na watu wengi tu. Shida ilikuwa kasanduku kamoja chini kabisa, kameandikwa BEHAVIOUR, na hapo mwalimu wa darasa alikuwa ametumia kalamu nyekundu. Alisema naongea bila kuulizwa na nakula darasani.

Mama alizungusha hiyo karatasi mara mbili. "Hii nyekundu ni nini?"

"Hapo ni tabia."

"Sasa tabia yako iko aje?"

"Iko tu, mama."

Hakucheka. Kwetu ukisikia mtu anasema "huyo kijana ako na tabia," halafu ananyamaza bila kuongeza kama ni nzuri ama ni mbaya, ujue ni mbaya. Nzuri hakuna mtu huitaja. Inapita kimya, kama mtu amebeba maji kwa kichwa na haijamwagika.

Na hiyo tabia ilikuwa inahitajika sana. Dada ya baba yangu, waya Risper, alikuwa na hoteli Kendu Bay, na watoto wake wote walikuwa wameshatoka nyumbani. Alikuwa ametuma neno niende nikae kwake wiki mbili aniangalie. Akiniona niko sawa, Januari naanza shule huko. Mnajua hiyo ilikuwa nini kwangu? Kwetu tulikuwa wanne kwa mkeka mmoja, na mimi nilikuwa yule wa upande wa mlango. Kwa waya kulikuwa na kitanda. Kitanda kizima, cha mtu mmoja.

Mama akanikalisha chini. Usiongee kabla hujaulizwa. Usiangalie sufuria ya watu. Ukikaribishwa chakula, sema umeshiba. Hakuongeza kwamba ukikaribishwa mara ya pili unanawa mikono na unakula, kwa sababu hiyo kila mtoto anajua. Hata mimi nilijua. Lakini nikaona, mtu amepigwa kalamu nyekundu lazima aongeze bidii.

Basi nikafika. Saa ya lunch, hoteli imejaa watu wa boda, waya akaniwekea ugali na ngege mzima ameangukiwa na supu.

"Nimeshiba, waya."

"Umeshiba nini na umetoka Uriri asubuhi?"

"Nimeshiba tu."

Jamaa mmoja wa boda akasema, "Waya, mlete hapa huyo samaki, mimi sijashiba." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Jioni nikashiba tena. Kesho yake asubuhi uji ilikuja, nikaambia uji kwamba nimeshiba.

Sasa msifikirie nilikuwa malaika. Mama alikuwa amenifungia njugu za kukaanga kwa mfuko, mingi. Nyuma ya hoteli kulikuwa na kuni zimepangwa mpaka juu, na hapo ndio nilikuwa naenda, nageukia ukuta, nafunika njugu na shati, natafuna polepole ndio isifanye kelele. Nilijiona nimekuwa mtu mwerevu sana.

Mama Beryl, yule wa kuuza nyanya upande ule mwingine wa barabara, alipitia huko nyuma, akaniona.

Lazima niwaeleze kitu hapa, kwa wale hawatoki kwetu. Kuna watu tunaita jasihoho. Inasemekana macho yake ikikupata ukila, chakula inakaa kwa tumbo kama jiwe mpaka utafute mama wa kuitoa. Ndio maana mtu akishuku mwenzake ni jasihoho, hali mbele yake. Anajificha. Anageukia ukuta, anafunika chakula. Sasa hesabuni wenyewe. Mtoto wa kaka ya waya, damu yake, anakataa chakula yake mbele ya watu, halafu anakula nyuma ya kuni amejifunika. Na huyo mama kazi yake ni kupikia watu.

Yule jamaa wa boda alinisimulia baadaye venye Mama Beryl alipeleka hiyo habari steji ya boda.

"Nimemwona na hii macho yangu. Amegeukia ukuta."

"Si labda ako na minyoo tu."

"Minyoo ndio hugeuza mtu ukuta?"

Siku ya tatu, saa ya lunch, hoteli ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mzee fulani amevua kofia akaweka juu ya samaki, anaingiza mkono chini ya kofia kama mtu anaibia kuku mayai. Waya akija karibu, mkono unasimama. Na mimi, nawaapia, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo sahani za kuosha ni chache, na waya hajanigombeza tangu nije. Tabia imeanza kukubali.

Waya akaosha mikono, akakuja kwa kuni. Alinikuta na mfuko. Hakupiga kelele. Aliketi kwa gogo, sauti ikawa ndogo kabisa.

"Ochi. Mimi ni jasihoho?"

Hapo nikaweka mfuko chini. Nikamtolea yote: kalamu nyekundu, maneno ya mama, kitanda. Nikaanza kufikiria mkeka yetu.

Halafu akasimama. Akatoa benchi na meza nje, kando ya barabara, hapo mbele ya Mama Beryl na steji yote. Akaleta ngege mkubwa kuliko wote na ugali ya watu wawili. Akakaa mbele yangu, mikono kwa mashavu, akanikazia macho.

"Kula. Mimi nitakuangalia."

Watu wa boda walizima pikipiki. Nilikuwa na njaa ya siku tatu, jamani. Nilikula kichwa, nikanyonya mifupa, na kwa vile mdomo ilikuwa imefunguka, maneno ikatoka pia. Nikamsimulia waya habari ya mwalimu wetu na kiti yake ya miguu mitatu, mdomo umejaa, bila kuulizwa. Waya alicheka mpaka machozi, lakini macho hakutoa kwangu hata kidogo.

Nilipomaliza kila mtu akangoja tumbo yangu. Hata mimi niliingoja. Nikangoja, nikangoja, halafu nikauliza kama kuna ingine.

Kesho yake watu walirudi wanne, kesho kutwa nane. Yule mzee pia alirudi, lakini kofia ilikaa karibu na sahani wiki nzima, tayari. Mama Beryl hakuambiwa kitu. Waya alinituma nimpelekee sahani ya samaki, akasimama mlangoni akimwangalia akila. Nilifikiria ni ukarimu. Nilikuwa nimeshapita darasa la nane ndio nikaelewa venye waya alikuwa karibu kupoteza kila kitu kwa sababu ya mtoto mwenye adabu, na hakunichapa hata kofi moja.

Siku ya kurudi Uriri alinipeleka steji, nikabeba omena, wale dagaa wa ziwa, ya kupelekea mama. Nilikuwa naogopa kuuliza, kwa hivyo sikuuliza. Gari ikiwasha ndio akaweka kichwa kwa dirisha.

"Ochi, ile behaviour ulikuja nayo, rudishia mama yako, mwambie asante. Ile ulikulia samaki nayo, hiyo ndio ukuje nayo Januari. Kitanda nitakuwa nimetandika."