Vikate vya Fundi Pimamaji

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, ambacho alitembea nacho miaka thelathini na minane ya uashi na ambacho hata baada ya kustaafu hakukiweka chini. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaonja chai atakuwa ameshakunyooshea picha zote za ukutani. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe alimvuta mpiga picha pembeni akamnong'oneza kwamba jukwaa limelalia kushoto. Lilikuwa limelala kweli, mgala muue na haki yake umpe, lakini ni nani aliyemuuliza?

Kuta alizijua. Jiko hakulijua. Mkewe alikuwa mpishi wa mikate hotelini, na nyumbani kazi ya Fundi ilikuwa moja tu: kula na kusifu. Sasa mkewe alikuwa ametoka hospitali. Homa ya mapafu ilikwisha, na daktari alisema hakuna dawa iliyobaki ila chakula. Chakula chenyewe ndicho kilichomshinda. Wiki ya nne hiyo, anakunywa vijiko vitatu vya supu, kisha anasukuma bakuli na kusema kwa adabu, "Asante, nimeshiba." Adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Fundi. Mwanamke aliyemgombeza miaka thelathini na mitano, leo anamshukuru kama mgeni! Aliogopa, tena aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Asubuhi ile, baada ya binti yao kupita na kuacha sufuria ya supu ya chakula cha jioni, Fundi alimuuliza mkewe kwa mara ya mia kama kuna chochote anachokitamani. Mama wa watu akafikiri kidogo.

"Vile vikate vya mayai," alisema. "Vya jibini. Vile tulivyokuwa tukiwapa wageni na supu."

"Basi utavila leo leo."

"Nani atavioka?"

"Mimi."

Mkewe alimtazama toka utosini hadi kwenye ndara, kisha akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Fundi hakujua kama ni kikohozi au kicheko.

Jioni aliweka kiti mlangoni mwa jiko, akamkalisha mgonjwa na kumfunika shuka magotini. Maagizo yakaanza kutoka kwa sauti ndogo. Unga wa ngano kikombe kimoja, maziwa kikombe kimoja, mayai matatu, chumvi, pilipili manga, jibini ya kukuna. Hamira hakuna.

"Hamira hakuna? Sasa vitainuliwa na nini?"

"Na mvuke. Wewe koroga."

Akakoroga. Mwiko aliushika tangu ujana, ila ule wa saruji, na kwa macho yake ya kiashi rojo lile lilikuwa jepesi mno, halingeshika hata kokoto. Alipodhani mkewe anatazama dirishani, akatupia konzi moja ya unga.

"Nimekuona," alisema mgonjwa. "Ongeza maziwa."

Trei la vikombe sita lilikuwa limeshapashwa ndani ya oveni mpaka mafuta yanatoa moshi. Fundi alimimina, akafunga mlango, akapewa amri ya mwisho: asiufungue mpaka aambiwe. Mtoa amri akaegemeza kichwa, akapitiwa na usingizi pale pale kitini.

Fundi alichuchumaa mbele ya kioo cha oveni. Mwanzoni alifurahi, maana vilianza kupanda. Kisha akaona vinavyopanda. Kimoja kimelalia kulia, kingine kimetoa bega, cha tatu kimevaa kofia upande kama mlevi. Alivumilia dakika tano, akavumilia ya sita, lakini mazoea yana taabu. Alifungua mlango taratibu, akalaza trei bapa juu ya vichwa vya vile vikate, akatua juu yake kipande cha kigae, na juu ya kigae akaweka pimamaji. Kiputo kilipotulia katikati aliondoa pimamaji, trei na kigae akaviacha palepale, akafunga mlango akiwa ameridhika kabisa.

Vilipotoka vilikuwa sita, bapa, vizito, vimelingana hata ungevipima kwa uzi. Mkewe alikuwa ameshaamka. Alichukua kimoja akakigonga kwenye mkono wa kiti. Ko, ko.

"Baba watoto, umeoka mikate au umefyatua matofali?"

Akaelezwa habari ya kigae, naye akacheka mpaka akakohoa, ikabidi apewe maji. Lakini kicheko kilipokwisha uso wake ulirudi kuwa ule ule uliochoka. "Basi, si kitu," alisema. "Nirudishe kitandani."

"Nipe dakika arobaini," alisema Fundi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwomba mwenye nyumba yeyote muda wa nyongeza. "Nakuomba. Arobaini tu."

Mkewe akamtazama. "Na mikono yako?"

"Nitaikalia."

Na kweli aliikalia. Alipomaliza kukoroga upya na kumimina mara ya pili, aliketi kwenye kigoda, viganja chini ya mapaja, macho kwenye kioo, jasho likimtoka. Mlio wa vikate vikipasuka nyufa ndogo ulisikika kutoka ndani, naye akang'ata mdomo. Hakusogea mpaka aliposikia, "Haya, toa."

Vilikuwa virefu, vya rangi ya asali, vyepesi kiasi kwamba trei lilikuwa kama tupu. Hapakuwa na viwili vilivyofanana, wala kimoja kilichosimama wima. Fundi alivigeuza geuza kwa huzuni, akitafuta chenye nafuu cha kumwekea mkewe kwenye sahani. Mkewe hakumngoja. Alinyoosha mkono akachukua kilichopinda kuliko vyote, akakipasua, mvuke ukatoka, akachovya kwenye supu.

Alikila chote. Akachukua cha pili. Fundi alisimama na kitambaa mkononi, hathubutu hata kupumua kwa nguvu. Katikati ya cha tatu mkewe aliacha kutafuna, akakunja uso.

"Chumvi hukutia," alisema. "Na jibini umeibania kama mali ya urithi. Kesho uongeze. Na trei ulipake mafuta mpaka pembeni, si katikati tu. Unanisikia? Mtu mzima na akili zako!"

"Nakusikia," alijibu Fundi. Aligeukia karo, akafungulia bomba kwa nguvu, akaosha bakuli ambalo lilikuwa limeshaoshwa, machozi yakimtiririka. Nyuma yake mkewe aliendelea kumgombeza, mdomo umejaa.