Jumamosi Arobaini za Landry

Landry alikuwa na kiwanja kizuri kuliko vyote kando ya ziwa, ila ziwa lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta.

Kazi yake ni kuwaandikia watu barua. Ana kibanda cha kupiga chapa na fotokopi karibu na soko la Virunga, hapa Goma, na mwenye shida na chifu wa mtaa au mwenye mtoto anayetafuta kazi humwendea yeye. Asubuhi wateja husukumana mlangoni. Baada ya saa sita hata nzi haingii, na hapo ndipo michezo ilipopata nafasi.

Mchezo wa kwanza haukuwa na ubaya. Wachezaji walitoka kila pembe ya dunia, lakini njia ilikuwa imechorwa tayari: nenda kwa mzee fulani, atakutuma ukaue joka, ukirudi unapewa upanga, kesho kuna joka jingine. Nusu saa ilitosha. Hata ukipotea wiki mbili, joka lilikungoja palepale kwa adabu zake zote. Landry aliucheza mwaka mzima na hakuna aliyelalamika.

Wa pili ulikuwa na tabia nyingine. Haukutumi popote. Unatupwa uwandani mikono mitupu, unaambiwa ufanye upendavyo: lima, jenga, uza, pigana. Landry akachagua kujenga. Sharti lilikuwa moja tu: kila Jumamosi mwenye kiwanja awepo, awashe moto wake na kutengeneza kilichobomoka. Asipoonekana, kiwanja ni cha atakayekiwahi.

Sasa mtu wa Goma akisikia neno kama hilo, unafikiri atafanya nini? Alisimamisha kibao: PARCELLE HII HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Sisi huandika hivyo kwenye kuta ili ndugu asiuze nyumba nyuma ya mgongo wa ndugu, na kila mpita njia anaelewa. Mule ndani hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Wageni wakadhani kuna dhahabu chini, wakaanza kumiminika kuuliza bei, na wenye tamaa wakaanza kuchimba pembeni. Ikabidi Landry alinde zaidi. Saa tatu za Jumamosi zikawa sita, sita zikawa siku nzima. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

“Papa Aubin,” mkewe Patricia alimwambia mara moja, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, “ule mchezo wa kwanza ulikuwa unakurudisha nyumbani. Huu wa sasa ni shamba. Tena shamba yenye iko na mbuzi za kulinda kila siku.”

Landry alicheka. Jumamosi ikifika, akawasha moto wake tena.

Lakini kulikuwa na kiwanja kingine, cha kweli. Mama yake, Deborah, mjane aliyeshuka zamani kutoka milima ya Masisi, alikuwa na nyumba ya mbao upande wa Kanyaruchinya. Mlima ulipolipuka mwaka 2021, lava iliifunika nyumba, ikafunika ua, ikafunika na mipaka yote. Ilipopoa, likabaki jiwe jeusi tupu, na mipaka ikabaki vichwani mwa watu. Huko juu anayeaminiwa ni mwenye ukuta. Jirani, Achille, alikuwa ameanza kujenga, na ujenzi wake ulikuwa ukisogea hatua kwa hatua. Landry aliahidi kwamba atapanda kila Jumamosi kupanga mawe. Kila Jumamosi alimpigia mama yake simu kusema kwamba kazi ni nyingi.

Jumamosi moja mama yake akaingia kibandani bila kupiga hodi, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Mutoto wangu, uniandikie barua. Ya kusema ule upande wenye unapakana na Achille, namwachia. Atajenga yeye, juu mimi sina mwenye kujenga.”

“Ungoje kidogo, Mama. Dakika mbili.” Alikuwa katikati ya kona ya ukuta wake wa mchezoni.

Mama Deborah akaketi kwenye kiti cha wateja, akaangalia. Kwenye kioo Landry alikuwa akipanga ukuta wa mawe meusi, jiwe pana chini, dogo juu, akifungamanisha kona jinsi marehemu baba yake alivyomwonyesha utotoni. Mama aliangalia kwa muda mrefu, kwa umakini wa mtu anayeifahamu kazi.

“Kona imekamata vizuri,” alisema. “Ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Umeijenga samedi ngapi?”

Landry alijua ni Jumamosi ngapi. Mchezo wenyewe huhesabu. “Quarante, Mama. Arobaini.”

Mama yake hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza. Alitikisa kichwa polepole. “Kumbe unajua. Mimi nilikuwa nawaambia watu, Landry ni mutu wa mashini, mawe hajui, mumwache. Nilikuwa nakutetea.”

Akairudisha karatasi kwenye mkoba wake, akaaga, akaenda kununua sombe, majani ya muhogo ya kupika jioni.

Aibu ikampanda Landry hadi masikioni. Jumamosi iliyofuata hakufungua kibanda. Alichukua pikipiki alfajiri na kupanda barabara ya Rutshuru hadi Kanyaruchinya kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima.

Alitarajia kukuta jiwe tupu. Alikuta ukuta. Ulizunguka pande tatu za kiwanja, umepinda, umefika magotini tu, mawe yake madogo madogo, yale ambayo mwanamke wa miaka sitini na minane anaweza kuyabeba peke yake. Upande wa nne, wa Achille, ndio uliokuwa wazi. Mama yake alikuwa amefika kabla yake, ameinama, akitafuta jiwe linaloenea mkononi.

Landry alivua shati, akaanza na kona.

Alifanya kazi bila kupumzika. Achille alitoka, akatazama, akasalimia kwa heshima, kisha akaanza kuondoa mbao zake zilizovuka mpaka. Kufikia jioni upande wa nne ulikuwa umesimama hadi kiunoni, umenyooka, na viganja vya Landry vilikuwa vimechubuka vibaya.

Mama Deborah aliupapasa ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umejaa furaha safi, isiyo na lawama hata chembe.

“Siku moja tu!” alisema. “Angalia, mutoto wangu. Upande muzima, siku moja!”

Landry akageuka upande wa mlima ili mama yake asimwone akilia.