Nyumba ya Nchi ya Barafu Iliyojengwa Thika

Baba ndiye aliyenituma. Zakayo, mtoto wa baba mdogo, alikuwa seremala huko Thika. Alipokuja nyumbani Krismasi alitusimulia kwamba wanajenga nyumba isiyo na dirisha hata moja, yenye kuta nene ajabu, na kwamba msimamizi hakutaka Mkikuyu yeyote aiguse. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na sote tulijua kwamba Wakikuyu ndio waliokuwa wakifungwa na serikali ya kikoloni.

"Mzungu anasema ni ya wataalamu watakaokaa kwenye barafu, mwisho wa dunia," Zakayo alisema huku akicheka. Baba hakucheka. Zakayo aliporudi kazini, Baba aliniita. "Nenda ukaone kwa macho yako. Kama ni jela, rudi naye."

Nilipanda gari moshi Luanda, stesheni ya kwetu magharibi, nikabadilisha Nairobi. Nilipofika Thika, askari wa stesheni aliniuliza kabila kabla ya kuniuliza jina.

Jioni hiyo, kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na viwanda, Zakayo alinipikia ugali. Jirani yake, Mama Njeri, alikuwa akianua nguo. Nilimsalimu. Aliitikia, ila Zakayo hakumtazama kabisa.

"Mume wake yuko kizuizini," Zakayo alininong'oneza. "Huyu mama anadhani nyumba hiyo namjengea mumewe."

"Na wewe unadhani nini?"

Alikoroga mboga, akanipakulia.

Asubuhi tulikwenda Ruiru kwa lori. Nyumba ilikuwa imepelekwa huko kujaribiwa, ikasimamishwa ndani ya chumba kikubwa cha baridi cha kuhifadhia nyama, juu ya miguu ya mbao. Mhandisi, Mzungu mwembamba aliyejua Kiswahili cha shambani, alisema ile miguu ni ya kupitisha theluji chini isije ikaizika nyumba. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine.

"Bwana, mbona komeo liko nje?"

"Upepo wa kule unang'oa mlango. Ndani kuna lingine."

Alitaka watu wa kukaa ndani mchana kutwa, aone kama joto litadumu. Nikamwambia tutaingia akiingia na yeye. Zakayo alinikanyaga mguu, lakini Mzungu alikubali.

Tuliingia watatu, tukawasha stovu ya mafuta taa. Mwanzoni palikuwa pazuri hata tukavua makoti. Baadaye kichwa kilianza kuniuma, na moto wa stovu ukafifia kwa kukosa hewa. Mhandisi akasema tutoke. Alivuta mlango, haukusogea. Mvuke wa pumzi zetu ulikuwa umeganda kwenye ukingo wote.

Nilimtazama usoni. Nilitarajia kuona mtu anayejua mchezo wake. Nikaona mtu mwenye hofu kama yangu, akipiga mlango kwa ngumi na kupiga kelele kwa Kiingereza. Zakayo alizima stovu, tukaanza kuvuta pamoja, huku mlinzi aliyeachwa nje akisukuma kwa bega. Barafu ilipasuka, tukaangukiana sakafuni.

Mhandisi alikohoa sana, kisha akaonyesha juu. "Tutatoboa paa. Njia ya pili ya kutokea."

Nilikaa hadi kazi hiyo ilipokwisha. Kifuniko cha paa kilifunguliwa na aliye ndani. Hakuna mtu anayemwekea mfungwa kitu kama hicho. Hapo ndipo nilipoamini.

Tuliporudi Thika nilimweleza Mama Njeri yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ai, nashukuru, mgeni," alisema. "Lakini hata kile chumba alimofungwa mume wangu kilijengwa na fundi. Sijui kama naye aliuliza."

Siku yangu ya mwisho huko, nyumba ilifunguliwa vipande vipande, vikapakiwa kwenye behewa la kwenda Mombasa kungoja meli. Tuliporudi karakana, msimamizi alikuwa na kazi mpya: milango midogo, minene, komeo upande mmoja tu.

"Ya nini?" Zakayo aliuliza.

"Wewe piga misumari."

Zakayo aliweka nyundo chini. Akakusanya patasi na randa zake, akazifunga kwenye gunia. Msimamizi alimwita mara mbili, sisi tukashika njia ya stesheni.

Tulishuka Luanda pamoja. Baba alituona kwa mbali, akauliza kabla hatujaketi, "Kumbe ilikuwa jela?"

"Ile ya kwanza haikuwa," Zakayo alisema. "Ya pili walikataa kuniambia."

Nilikwenda Thika nikidhani shaka ni ya kuondolewa na jibu. Nilirudi nikijua kwamba mtu anaweza kupewa jibu la kweli leo, na kesho ikambidi aulize tena.