Rola ya Theuri na Ukuta wa Mama

Mimi Murugi sikuzaliwa na subira. Ndugu yangu Theuri ndiye aliyeipata yote, yake na yangu. Ungemtaka jioni ungemkuta nyuma ya hoteli yangu ya chai pale Nyeri mjini, amechutama kando ya mfereji, anaosha rola ya kupakia rangi. Nusu saa nzima! Anatia sabuni, anakamua manyoya kwa kiganja, anamwaga, anaanza tena. Mafundi wenzake wameshakunywa chai na kwenda zao. Nikimfokea kwamba ananimalizia maji, ananijibu kwa upole, "Bado inatoa maziwa, Murugi," yaani maji bado ni meupe kwa rangi. Basi ningefanya nini? Narudi kwa sufuria zangu.

Hiyo ilikuwa miaka kumi hivi baada ya uhuru, na watu wengi kwetu bado walipaka nyumba kwa brashi. Theuri aliachiwa rola yake na fundi Mhindi aliyekuwa akifanya kazi naye, siku huyo Mhindi alipohama. Ilikuwa ya manyoya marefu. Alikuwa na nyingine ya manyoya mafupi kwa kuta laini, na ya sponji aliyoitumia kwa milango tu. Kabla ya kufungua mkebe wa rangi aliupapasa ukuta kwanza. Plasta ikiwa ya mchanga, yenye vinundu na vishimo, alitoa ile ndefu, kwa sababu hiyo ndiyo huingia kila mahali. Amepaka nyumba za walimu, za polisi, za wenye maduka, kutoka Nyeri hadi Sagana.

Nyumba ya mama yetu hakuipaka. Aliijenga mwenyewe kule Endarasha, baada ya sisi kupata shamba, akaipiga plasta, akamwambia mama, "Nitakupakia nyeupe ndani." Mama alikuwa ameishi kwa moshi maisha yake yote na alitaka sana hiyo nyeupe. Lakini kazi za watu zilifuatana, mwaka huu ukapita, na ule, na mama akaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Ikafika mahali haoni mkono wake, na Theuri akaacha kabisa kuitaja ile rangi. Mimi nilijua inamla roho, maana hata akija kumtembelea mama alikaa nje.

Halafu hospitali ya misheni ikakubali kumpasua. Jicho moja, wakasema, la pili limekwisha. Wiki tatu baadaye habari zikatufikia kwamba anaona kwa miwani na atarudi nyumbani Ijumaa. Theuri alikuwa Kutus anapaka madirisha ya shule. Akaniletea ujumbe: niende Endarasha Jumatano na mfuko wake wa vifaa alioniachia, yeye atakuja na rangi. Mama lazima akute nyumba nyeupe.

Sasa nisikilizeni, na msinicheke. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na rola ndefu, na mimi nilikuwa nimeitumia. Wiki moja kabla nilitaka hoteli yangu ing'are, nusu ya chini ya ukuta iwe ya bluu, rangi ya mafuta, ile unayopangusa ikichafuka. Nikapaka. Nikaiosha rola, tena sana, kwa maji na sabuni. Nikaitundika juu ya jiko ikauke haraka, nikaifunga kwa kitambaa chake nikaisahau.

Jumatano asubuhi Theuri alikifungua kile kitambaa mlangoni mwa mama. Rola ilikuwa ngumu kama gunzi la mahindi. Aliigonga kwenye fremu ya mlango, ikalia ko, ko.

"Nani ameshika rola yangu?"

Nilifikiria uongo wa namna mbili tatu. Hakuna uliotosha. "Ni mimi. Nilipaka hoteli. Lakini niliosha, Theuri, haki ya Mungu niliosha!"

"Na nini?"

"Na maji! Si ndivyo wewe huosha?"

"Mimi naosha rangi ya maji. Ya mafuta inataka tapentaini, na hapo hapo, kabla haijashika." Alisema polepole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Heri angenitukana.

"Si ungeniambia!"

"Hujawahi kuuliza. Wewe huwa unaniambia niharakishe tu."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mtu mzima. Kupaka kuta zile kwa brashi siku mbili kusingewezekana, rola fupi ingeacha mashimo meusi kila mahali, na ndefu ingetoka Nairobi wiki ijayo. Ijumaa mama angeingia akute moshi uleule aliouacha.

Theuri aliingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa amebeba ngozi ya kondoo ya mama. Nilisimama. Hiyo ngozi ilikuwa ya kondoo dume wake wa kwanza wa pale shambani, na ilikaa chini ya kitanda chake, mahali anaposhusha miguu asubuhi. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuisogeza.

"Theuri, atatuua."

"Niko na sindano. Wewe uko na mikono. Utaosha."

Akakata kipande upande wa ukutani. Akayachuna kwa kisu manyoya ya zamani kutoka kwenye gogo la rola huku mimi nikichemsha maji. Jamani, sikujua kondoo ana mafuta kiasi kile. Rangi ya maji ingeteleza juu yake. Nikaosha mara moja, nikamwonyesha. "Bado." Mara ya tatu, "Bado." Vidole vilikuwa vimekunjamana na mgongo unawaka, na siku hiyo sikumwambia mtu aharakishe. Mara ya sita maji yalitoka safi. Alinusa manyoya, akatikisa kichwa kukubali, akalizungushia gogo ile ngozi ingali na unyevu, akaishona. Tuliitundika kwenye upepo, mbali kabisa na moto. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Alhamisi mchana ilikuwa imekauka na kukaza. Alianza na ukuta wa mbele, na rangi ikaingia kwenye kila kishimo. Nywele zilinasa hapa na pale, akazitoa kwa kucha, nyingine zikamshinda. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye ukuta kati ya kitanda na mlango. Hapo akasimama na rola mkononi.

Kulikuwa na mstari. Ulikimbia usawa wa kiuno, kutoka kitandani hadi mlangoni, mweusi, unang'aa kidogo. Ulikuwa mkono wa mama. Miaka yote hiyo alikuwa akienda mlangoni kwa kuushika ukuta, na mahali alipoushika palichafuka hivyo. Theuri aliufuata kwa macho hadi mlangoni.

"Angeuona mweupe," akasema. "Ningeupaka ule mwaka nilimaliza plasta, angeuona."

Niliusogeza mkebe karibu naye. Aliupaka ule mstari mara tatu ndipo ukafunikwa.

Ijumaa mama alishuka kwa gari la misheni, amevaa miwani mizito iliyolifanya jicho lake liwe kubwa ajabu. Tukamwingiza ndani, tukamkalisha kitandani. Miguu yake ikashuka, ikatafuta, ikagusa, ikatafuta tena.

"Nani amekata ngozi yangu?"

"Ni mimi, mama," Theuri akasema.

"Uongo!" nikaropoka. "Amekata yeye, lakini mimi ndiye niliyeharibu rola yake. Kipande chako kimepaka nyumba. Nigombeze mimi."

Mama hakunigombeza. Aliinua uso, akazungusha lile jicho polepole, ukuta mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akasimama, aende mlangoni. Mkono wake wa kulia ulinyooka wenyewe kuelekea ukutani, mahali pake pa siku zote.

Haukufika. Aliurudisha, akaushika kwa mkono wa kushoto, akaibana yote miwili kifuani. Akatembea hivyo katikati ya chumba, hatua ndogo ndogo, akiyumba. Nilikimbia kumshika akanisukuma kwa kiwiko.

"Niache. Sitagusa, nitachafua," akasema. "Baba amenipakia nyeupe."

Baba ni Theuri. Alibeba jina la babu yetu, baba yake mama, kwa hiyo mama alimwita hivyo tangu utotoni. Nilipogeuka kumtafuta hakuwepo. Alikuwa nje kando ya pipa la maji ametupa mgongo, anaosha rola, na rola ile alikuwa ameshaiosha jana.

Nilimpelekea sabuni.